Dereva Ana Kioo: Maisha ya Jian Shuimu, 1957–2024

Ndugu zetu, majirani wa Mtaa wa Ngazi, na nyie wa lori la taka mliokuja na sare zenu bila hata kubadilisha viatu, asanteni kwa kufika. Mimi ni Jian Yuexia, mdogo wake marehemu. Wengi mnanijua kwa tambi zangu za asubuhi pale sokoni, na mnajua vilevile kwamba subira sikujaliwa. Nimepewa karatasi hii na watoto wa kaka, wakaniambia, "Shangazi, soma taratibu, na tafadhali usifoke." Nitajitahidi. Ila niseme mapema: hadi saa hii sijaamini. Jana nilimwekea tambi zake kwenye bakuli, na vitunguu vya kukaanga juu kama apendavyo, ndipo nikakumbuka. Nikasimama pale na bakuli mkononi, mteja ananiita, simsikii.

Marehemu Jian Shuimu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1957 katika kijiji cha Shuiwei, mlimani juu ya mji wetu huu wa Longkeng, kaskazini mwa Taiwan. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee Jian Laiwang na mama Yu Qiaoyun. Baba yetu alichimba makaa ya mawe. Kule shimoni walilipwa kwa toroli: ukijaza matoroli yako, unatoka, unaoga, unakwenda nyumbani, hata kama jua bado liko juu. Baba alikuwa na mkono mwepesi, na kijiji kizima kilimwonea wivu kwa kuwahi chakula. Mwaka 1966 jiwe lilidondoka kutoka darini likamponda mguu, na tangu siku hiyo akatembea na fimbo. Mama alikuwa na neno lake moja, alilisema mpaka anakufa: "Anayehesabu matoroli haangalii dari." Sisi watoto tulimwona anarudia mno.

Kaka alisoma Shule ya Msingi ya Shuiwei kuanzia 1963 hadi 1969, kisha miaka mitatu ya sekondari hapa mjini. Hakuwa mtu wa vitabu, na sitamsingizia leo kwa sababu amelala. Lakini kuna kisa kimoja mwalimu wake alikisimulia hata uzeeni. Mnajua watoto wa shule kwetu husafisha shule wenyewe. Shuimu alipangiwa vyoo. Akajifunga kitambaa puani, akavipiga maji na ufagio, vikang'aa, kengele ikiwa bado sana. Akaenda zake kucheza mpira. Mwalimu akamkamata kwa sikio.

"Wenzako bado wanafagia, wewe unacheza?"

"Mimi nimemaliza, mwalimu."

"Muda haujaisha!"

"Muda haujaisha, lakini kinyesi kimeisha."

Alichapwa, na akaambiwa akae chooni mpaka kengele ilie. Alikaa. Alikuwa na umri wa miaka kumi, na nadhani ugomvi wake wote na dunia ulianzia kwenye choo kile.

Baada ya jeshi la lazima alibeba mizigo bandarini, na tarehe 1 Machi 1983 akaajiriwa na idara ya usafi ya mji. Alianza na ufagio, akapanda nyuma ya lori, na mwaka 1991 akakabidhiwa usukani. Kwa watoto mliopo hapa: wakati huo kama sasa, taka haziwekwi chini. Lori linakuja na muziki wake, watu wanateremka na mifuko, wanatupa wenyewe. Na linakuja jioni, watu wakiwa nyumbani. Maana yake ni kwamba anayekusanya taka hali chakula cha jioni na wanawe. Nyinyi mkisikia muziki ule mnaacha vijiti vya kulia mezani dakika moja mnarudi. Yeye aliviacha miaka ishirini na saba.

Mwaka 1986, tarehe 12 Oktoba, alimwoa Lai Fengjiao, aliyekuwa anashona mifuko kiwandani. Walipata mabinti wawili, Peiru na Peishan. Fengjiao hajawahi kulalamika mbele za watu, lakini kwangu alikuwa anamwaga yote. Kaka alikuwa anarudi usiku, anakula wali uliopoa peke yake. Peiru alipokuwa na miaka minne, jioni moja ya sikukuu kaka alikuwa nyumbani, akaketi mezani. Mtoto akamtazama, akamwuliza mama yake kwa sauti ya chini, "Mama, huyu mgeni anakula na sisi?"

Fengjiao alicheka. Kaka hakucheka. Aliweka vijiti chini, akatoka nje kuvuta sigara, na mvua ilikuwa inanyesha.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana wote mnajua ndilo lililotukusanya. Wakati ule walilipwa kwa saa. Ukimaliza njia yako mapema, ama unakaa karakana unatazama ukuta, ama unapelekwa kumsaidia mvivu. Watu si wajinga. Wakajifunza kuvuta miguu. Lori lilipanda Mtaa wa Ngazi kama ng'ombe anayekwenda machinjioni. Kaka akawa anasema kila penye watu: tulipwe kwa kipande, mtu apewe njia yake, akiimaliza vizuri siku yake imekwisha, aende akale na wanawe. Wakubwa walimwona mkorofi. Mama, akiwa mzee kabisa, alimwambia palepale kwenye kiti chake, "Shuimu, unataka kurudi kwenye matoroli ya baba yako?" Akamjibu, "Mama, barabarani hakuna dari."

Mkutano mkubwa ulifanyika Mei 2010, kwenye ukumbi wa idara. Mimi nilikuwepo, nilipeleka tambi. Mkuu wa zamu alisimama akauliza swali moja, na lilikuwa swali zuri, lazima nikiri: "Haya, mkilipwa kwa kipande, kila mmoja atataka kuwahi nyumbani. Mwananchi akichelewa kushuka na mfuko wake, nani atamsubiri?"

Kaka akainuka, bado ana glovu mfukoni. "Dereva ana kioo," akasema. "Ataangalia nyuma. Akimwona mtu anakimbia, atasimama. Kuna binadamu atakayemwona mtu anakimbia na ndoo ya makombo, kisha aondoke? Hilo nalo tuandikiane?"

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nami nilipiga, mpaka supu ikamwagika. Halikuandikwa. Tarehe 1 Julai mwaka ule malipo ya kipande yakaanza.

Fengjiao ameniomba nisimulie jioni ya kwanza, kwa hiyo nasimulia. Kaka alifika nyumbani chakula kikiwa kinapakuliwa. Supu ya mbavu na machipukizi ya mianzi. Akachota kijiko, akaruka: "Aa! Inaunguza!" Peishan, aliyekuwa kidato cha tatu, akamwambia, "Baba, supu ndivyo ilivyo." Miaka yote ile alikuwa hajawahi kuinywa ya moto nyumbani kwake. Alikula na machozi yanamtoka, akasingizia pilipili, na Fengjiao hakutia pilipili.

Na kwake mwenyewe, kioo kilitosha. Hili majirani ni mashahidi. Bibi Wang wa nyumba ya juu, ambaye goti lake lilikuwa bovu, hakuwahi kuachwa hata mara moja. Kaka alimwona kwenye kioo, akazima injini, akatoa kichwa dirishani: "Bibi, usikimbie! Lori halina mabawa!" Naye bibi akamjibu, "Nakimbia niione sura yako mbaya!" Vijana wa nyuma wanacheka, wanampokea ndoo. Alikuwa anawahi nyumbani na bado anasubiri watu. Alidhani kila mtu anaweza hivyo.

Mwaka 2012 aliletewa kijana wa kumfundisha, You Guoxun, tunayemwita A-Xun. Mama yake alishafariki, baba haijulikani yuko wapi. Alikuwa mwembamba, hajui hata kufunga glovu. Kaka alimfundisha kazi, akamlisha, akamgombeza, na kwenye sikukuu ya mwaka mpya wa 2014 akampokea kuwa mwanawe wa hiari. A-Xun alipiga magoti mbele ya madhabahu ya wazee wetu akampa kaka kikombe cha chai kwa mikono miwili, kaka akakinywa chote. Tangu hapo hakumwita tena Fundi, alimwita Baba. Marehemu alistaafu tarehe 30 Juni 2022, na funguo za lori alimpa yeye.

Hapa kwenye karatasi pameandikwa "Ugonjwa". Ndivyo wasifu unavyopangwa: kuzaliwa, shule, kazi, ndoa, ugonjwa, kifo. Jamani, ugonjwa hakuwa nao! Hakuwa na sukari, hakuwa na presha, meno yake mwenyewe. Asubuhi ya tarehe 14 Novemba alikula bakuli mbili kwangu akaniambia chumvi imezidi. Nimlaze hospitali kwa ugonjwa gani? Naruka.

Alipokuwa nyumbani tu, alianza kuwa mtu wa kusubiri lori badala ya kusubiriwa. Akaanza kusema mezani, "Vijana hawa wana haraka." Muziki unasikika, ukifika chini lori limeshasogea. Fengjiao akamtania, "Umewafundisha wewe." Akacheka. Kwenye sikukuu ya mwezi mpevu, mwaka huu huu, A-Xun alikuja na mkewe na mtoto wao mdogo, na kaka akamwambia huku anamenya balungi:

"Kioo, A-Xun."

"Naangalia, Baba."

"Unaangalia magari au unaangalia watu?"

"Vyote, Baba. Usijali."

Wakaendelea kula. Ndivyo mambo yanavyopita, kama mzaha.

Alhamisi tarehe 14 Novemba 2024 ilikuwa siku baada ya Jumatano, na Jumatano lori halipiti, kwa hiyo kila nyumba ilikuwa imejaa. Mvua ilinyesha, ile ya kwetu ya Novemba isiyojua kukoma. Kaka alivaa koti la mvua la njano, akachukua mfuko wake, na ndoo ya makombo ya Bibi Wang, maana siku hizi bibi hashuki kabisa. Lori lilifika kwenye kona kabla ya wakati wake, likapunguza mwendo, likaondoka. Majirani walimwona akikimbia. Wanasema alikuwa anacheka! Alikuwa anapiga kelele, "Subirini, watoto! Lori lina mabawa leo?" Kwenye ngazi ya mwisho mguu uliteleza. Alipiga kichwa kwenye ukingo wa jiwe. Makombo ya Bibi Wang yalimwagika barabarani, na muziki wa lori ulikuwa bado unasikika kwenye kona ya pili. Hakuamka tena. Alifariki hospitalini Jumamosi tarehe 16 Novemba, saa moja asubuhi, mkewe na binti zake wakiwa wamemshika. Alikuwa na miaka sitini na saba.

Mtu aliyetupa taka za mji huu miaka thelathini na tisa amekufa akikimbilia lori la taka. Nimelisema kwa sauti jikoni kwangu mara nyingi, nikidhani nikilisema sana litaingia akilini. Haliingii.

Jumapili A-Xun alikuja. Hakuingia. Alipiga magoti kwenye mvua nje ya mlango, akatambaa mpaka mbele ya picha, kama mtoto wa kuzaa anavyofanya. Hakuna aliyemuuliza kitu. Akasema mwenyewe, paji la uso likiwa sakafuni:

"Niliona mtu kwenye kioo. Koti la njano. Mwenzangu wa nyuma alipiga kelele kuna mtu anakuja. Nikasema, kesho tutapita tena. Mtoto alikuwa kwa bibi yake, mke wangu yuko zamu, nilitaka kumchukua tuwahi chakula. Sikujua ni Baba. Naapa, sikujua ni Baba."

Nikamuuliza mimi. Nani mwingine angeuliza? "Na kama angekuwa mwingine?"

Akabonyeza paji lake sakafuni zaidi. Nilimwambia, "Hapo ndipo ulipomuua kaka yangu. Siyo kwenye ngazi." Akatikisa kichwa kukubali, na hilo likanikasirisha zaidi. Nilitaka abishe.

Wiki ile tulipokaa kuandaa kijitabu hiki mlichoshika, nilichukua kalamu nikalifuta jina la A-Xun kwenye orodha ya watoto. Nililifuta mara mbili, karatasi ikatoboka. Kwetu mnajua maana yake: asiyeandikwa hapo havai kitambaa cha msiba, hatembei nyuma ya jeneza, na ukoo haumjui. Binti zake kaka hawakunizuia. Nadhani walitaka nilifute mimi ili wasilifute wao.

Fengjiao alikuwa anakunja karatasi za dhahabu, pesa za kumchomea mumewe azipate huko aliko. Hakuinua hata macho. "Yuexia, ukimfuta huyo, mfute na Shuimu."

"Shemeji, umechanganyikiwa?"

"Nani alisema dereva ana kioo? Nani alisema lisiandikwe? Wewe ulipiga makofi mpaka supu ikamwagika, mimi nilifua nguo yako." Akakunja nyingine. "Mtoto huyu alikimbilia mezani. Shuimu alipigania hicho hicho miaka yote. Alitaka mtu akale na mwanawe. Alichosahau ni kwamba si kila mwenye njaa anageuka nyuma."

"Kwa hiyo tusamehe tu?"

"Sijasema kusamehe. Hata mimi sijui kama nimesamehe, niulize mwakani. Nimesema aandikwe. Shuimu alikinywa kile kikombe chote, na chai iliyonywewa haitapikwi."

Sikufoka. Mimi, Yuexia! Nilikwenda kuosha vyombo visivyo vichafu.

Nasikia kesho kuna mkutano mwingine pale idarani. Wengine wanasema turudi kwenye saa, wengine wanasema kipande kisiguswe. Wamenijia hata sokoni, eti familia ya marehemu iseme neno. Mimi nauza tambi. Mkilipwa kwa saa mtavuta miguu, nawajua. Mkilipwa kwa kipande mtakimbia, nimeona. Lakini hili naliweka hapa mbele ya picha yake: vyovyote mtakavyolipwa, kule kusimama kwenye kona mkuhesabu na kwenyewe kuwa ni kazi. Mkulipie na mkuandike. Kaka yangu alidhani ni utu tu, na utu haukuwa kwenye mkataba, ndiyo maana ulikuwa wa kwanza kukatwa ili muda upatikane.

Na niseme nilichokiona, maana haki ni haki. Tangu msiba huu, lori likifika kwenye kona yetu A-Xun anazima injini, anateremka mwenyewe kwenye mvua, anarudi nyuma kwa miguu hadi kwenye ngazi, anatazama juu. Hana mtu wa kumwona, anatazama tu. Muziki unapiga mpaka majirani wanachoka nao. Ndoo ya Bibi Wang anaifuata juu mwenyewe. Mkewe ameniambia mtoto sasa anakula bila baba yake, na juzi alipomwona mlangoni alilia kama kaona mgeni. Niliposikia hivyo nilikaa chini, maana hadithi hiyo naijua.

Nafika mwisho. Marehemu Jian Shuimu ameacha mjane, Lai Fengjiao. Ameacha binti wawili, Jian Peiru na mumewe, na Jian Peishan. Ameacha mjukuu mmoja wa kiume wa Peiru, anayejua kuuimba muziki wa lori kuliko wimbo wa shule. Ameacha mdogo wake mmoja, ambaye ndiye anayewasomea na ambaye mpaka sasa hajafoka, mnaona. Na ameacha mwanawe wa hiari, You Guoxun, pamoja na mkewe na binti yao.

Ndiyo, jina lipo. Ukurasa wa mwisho, mstari wa tano. Lilichapwa.

A-Xun. Umejificha nyuma kabisa karibu na mlango, nimekuona tangu nilipoanza. Kitambaa chako cha msiba anacho Fengjiao. Jeneza halitainuliwa mpaka ufike. Njoo mbele, tembea taratibu, usikimbie.

Tunakusubiri.

Jian Shuimu apumzike kwa amani, na asikimbilie kitu tena.